Kuvushwa kwa Watu Wazima katika Mwambao wa Mwanza

Wengi wanaotaja mila za kuvushwa hufikiri jando na unyago tu, kana kwamba mwanadamu huvuka mara moja, atokapo utotoni, kisha njia yake ikawa tambarare mpaka kaburini. Historia ya mwambao wa kusini wa Ziwa Viktoria yakanusha fikira hiyo. Huko mtu mzima alivushwa tena na tena, na zama mpya zilipokuja zilileta mila zao. Swali lifaalo kuulizwa ni hili: kwa nini baadhi ya mila hizo zilipokewa, na nyingine zikapingwa?

Wasukuma kwa asili hawakuwa na jando. Walikuwa na ihane, mafunzo ya siri ya watu wazima, ambayo hasa aliingizwa mwanamume aliyekwisha oa. Heshima aliyokuwa nayo nyumbani haikumfaa huko. Alidhihakiwa na kutiishwa na waliomtangulia, akafundishwa mambo ya utu uzima, kisha akapokewa miongoni mwa banamhala, yaani wazee. Mambo matatu yaonekana hapa. Mwenye kuvusha alikuwa amevuka yeye mwenyewe. Taabu ilikuwa na mwisho. Na mwisho huo ulileta cheo ambacho wenziwe walikitambua.

Kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alihifadhi jambo la jinsi hiyo katika kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, nacho kikatoka kwa Kiswahili zaidi ya miaka thelathini baadaye. Wazazi wa Bugonoka wamchukua binti yao kwa kuwa ndugu za mumewe wamemtukana utasa. Myombekere harudishiwi mke kwa maneno matupu: yambidi aende ukweni, aombe radhi, na alipe faini ya pombe ya ndizi. Faida ya faini hiyo haikuwa kinywaji tu. Ilimpa aliyefedheheka njia ya kurudi katika heshima, ikawapa wakwe njia ya kumpokea bila kujidhili.

Mwaka 1883 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Bukumbi, kusini ya mji wa Mwanza wa leo. Kanuni ya Kardinali Lavigerie ilimtaka mtu mzima afundishwe na kujaribiwa kwa muda wa miaka minne kabla ya kubatizwa. Dini yenyewe ilikuwa ngeni, lakini umbo lake halikuwa geni kwa watu wa pande hizo: kungoja, kujaribiwa, na kupewa jina jipya mbele ya mashahidi.

Baada ya uhuru, serikali nayo ilijaribu. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963, na mwaka 1966 likafanywa la lazima kwa wenye elimu ya juu: miaka miwili ya utumishi, na sehemu kubwa yake kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga, na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Hapana shaka wanafunzi walijitazama mno wao wenyewe. Lakini walioyaona mishahara minono ya wakubwa walikuwa na hoja: mzigo unaobebwa na mdogo peke yake huonekana kuwa kodi. Nyerere aliutambua uzito wa hoja hiyo, akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20.

Mwaka uliofuata, vijana wengi walitembea kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mwezi wa Oktoba 1967 Rais mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa kilomita 200 hivi, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Hapo sharti la kwanza la ihane lilitimizwa hadharani: mzee aliionja taabu aliyowataka wadogo waionje. Ama ulazima wa jeshi lile kwa wasomi, ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013.

Mila zote hizo hazimgusi mtu katika mivuko mingi ya leo. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Hufanyiwa karamu na kupewa zawadi, na kesho yake huamka bila kazi ya kuitiwa. Jina la mstaafu lataja alichokiacha, halitaji alichokuwa. Mke aliyeachwa na mfanyakazi wa kiwanda cha samaki aliyeondolewa kazini hawapati hata karamu. Watu hao wavuka usiku, kila mmoja peke yake, na jamii yashangaa kuona wengine wakizama.

Haifai kuwarudisha watu hao katika ihane ya kale, wala serikali haiwezi kuwatungia mila kwa amri. Yanayohitajika yalikwisha kuonyeshwa katika mwambao huo: waliotangulia wawapokee wanaokuja, pawe na siku inayojulikana na mashahidi, na mwisho wake mtu apewe nafasi ya kweli yenye kazi na sauti. Mstaafu akipewa baraza la kusikilizwa na vijana wa kuwafundisha, amevushwa. Akipewa saa ya ukutani tu, ameachwa ng'ambo ya pili.