Karanga za Kongwa

Mwaka 1946, wakati mafuta ya kula yalipokuwa bado ya mgao nchini Uingereza, Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa tawi la Unilever, aliishauri serikali ya London ilime karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, ulikagua ardhi kwa muda mfupi, kisha ukapendekeza zifyekwe takriban ekari milioni 3.2, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25.

Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo, bila majaribio ya kutosha, yaani kilimo cha eneo dogo kwa misimu kadhaa ili tabia ya udongo na mvua ijulikane kabla mtaji mkubwa haujamwagwa. Majaribio hayo, kwa hakika, wenyeji walikuwa wamekwisha kuyafanya kwa vizazi, kwani aliyelima uwele na mtama na kuweka akiba yake katika ng'ombe alijua kwamba mvua ya huko haitegemeki, lakini hakuulizwa.

Mashine zilizotokana na mabaki ya vita, yakiwemo matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru, ziliharibika mapema, na mibuyu ilikuwa migumu kung'oka. Adui mkubwa zaidi alikuwa udongo. Ua la karanga, likishachavushwa, huteremsha kikonyo kinachopenya ardhini, na tunda hukomaa humo. Kwa hiyo udongo wa mfinyanzi wa Kongwa, ambao kiangazi huukausha ukawa kama saruji, ulizuia vikonyo kupenya, na wakati wa kuvuna ukazishikilia karanga zilizokwisha kukomaa. Hata hivyo, kuulaumu udongo peke yake ni kuwapunguzia mzigo waliopanga, maana Shirika la Chakula la Ng'ambo, lililokabidhiwa mradi mwaka 1948, liliendelea kupima maendeleo kwa ekari zilizofyekwa, kipimo kinachopendeza katika taarifa lakini kisichosema lolote kuhusu mavuno.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo na kufuta deni la takriban pauni milioni 36. Kusini mwa Tanganyika, ambako nako mradi ulikuwa na mashamba, kilichosalia ni bandari ya Mtwara. Reli iliyojengwa kufika Nachingwea iling'olewa mapema katika miaka ya 1960.

Fikra yenyewe, hata hivyo, haikung'olewa. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1961 ilipendekeza kile kilichoitwa mageuzi, maana yake kuwahamishia wakulima katika makazi mapya yenye matrekta, mikopo na wasimamizi, na Tanganyika huru ikaupokea ushauri huo, hadi mwaka 1966 ilipoacha kuanzisha makazi zaidi kwa sababu gharama zilikuwa zimeyashinda mapato. Urambo, mojawapo ya maeneo matatu ya mradi wa karanga, ilipata zao lake kwa njia nyingine, pale ardhi iliyofyekwa ilipogawiwa wakulima mmoja mmoja, nao wakalima tumbaku.