Tovuti iko nyumbani, lakini watu wa inje hawaioni

Mutu anaweka tovuti ya kikundi chake kwenye ordinatere ya nyumbani. Yeye akiifungua, inaonekana. Ndugu yake wa muji mwingine akiandika ile adrese, anangoja bure. Wengi wanakimbilia kubadilisha kila kitu ndani ya rutere, kumbe mara nyingi kizuizi kiko mbali zaidi, kwa kampuni inayouza intaneti.

Anza kwa kufungua tovuti kwenye telefone iliyo ku Wi-Fi ileile. Ikikatala, ordinatere inajisikiliza yenyewe tu (127.0.0.1), ao programu yake ya ulinzi imefunga. Ikikubali, zima Wi-Fi, tumia mega za telefone, ujaribu adrese ya inje. Usifanye jaribio hilo ukiwa ndani ya Wi-Fi, sababu rutere nyingi hazikubali mutu wa ndani atoke na kurudi kwa adrese ya inje.

Sasa linganisha adrese mbili: ile rutere inaonyesha upande wa inje (WAN), na ile tovuti za kuonyesha IP zinasema ni yako. Zikiwa moja, mulango ni wako. Zikitofautiana, na ya rutere iko kati ya 100.64 na 100.127, ao inaanza na 10, kampuni imeweka wateja wengi nyuma ya adrese moja. (Ikianza na 192.168, pengine una rutere mbili zinazofuatana hapo nyumbani.) Adrese za IPv4 ni karibu miliari 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia iliisha mwezi wa pili 2011. Kwa wanaotumia modemu ya 4G, hali hii ni ya kawaida kabisa. Wewe unatoka vizuri, lakini mugeni akifika kwa kampuni, mashini yake haijui imupeleke nyumba gani. Hapo kufungua porti kwenye rutere ni kazi bure.

Omba kampuni adrese yako mwenyewe, kuna zinazoiuza. Ikishindikana, kodisha serveri ndogo, kisha ordinatere yako ndiyo ifungue njia kuelekea kule, kwa WireGuard ao SSH. Wageni watapitia hapo.

Kama adrese ni yako, elekeza porti 80 na 443 ku ordinatere, zingine ziache zimefungwa, na uipe ordinatere adrese ya ndani isiyobadilika. Angalia pia namna inavyokatala. Ikikatala palepale, mara nyingi ombi limefika lakini hakuna programu inayolipokea. Ikikawia mupaka muda unaisha, kuna kitu njiani kinalimeza.

Inaweza pia kufanya kazi leo, kesho ipotee. Umeme ukikatika na rutere kuwaka tena, kampuni inaweza kukupa adrese mupya. Tumia DNS inayofuata mabadiliko hayo, kusudi watu waandike jina tu, hapana namba.