Kurasa Mbili za Gazeti la Spectrum

Katika shule ya sekondari ya Hazelwood East, karibu na St. Louis nchini Marekani, wanafunzi wa darasa la uandishi walikuwa na gazeti lao, Spectrum. Gharama za kulichapa zililipwa zaidi na bodi ya shule kuliko na wasomaji, jambo ambalo baadaye lilikuwa na uzito wake.

Tarehe 10 Mei 1983, siku tatu kabla ya gazeti kutoka, mwalimu mkuu aliletewa kurasa azikague. Habari mbili zilimtia wasiwasi: moja ya wasichana watatu waliopata mimba, nyingine ya watoto wa wazazi waliotalikiana. Wasichana walipewa majina ya kubuni, lakini alihofu watatambulikana. Tena aliona mzazi mmoja analaumiwa pasipo kupewa nafasi ya kujibu. Akidhani hapana wasaa wa kusahihisha, aliamuru kurasa mbili nzima ziondolewe. Hivyo zikapotea pamoja nazo habari nyingine zisizokuwa na kosa lo lote, ila kwamba zilikaa ukurasa mmoja na zile.

Wanafunzi watatu walishtaki. Walishindwa mwaka 1985, wakashinda katika rufani mwaka 1986. Na tarehe 13 Januari 1988 Mahakama Kuu ya nchi, kwa majaji watano dhidi ya watatu, iliamua kuwa gazeti lililo sehemu ya masomo laweza kuzuiwa na shule yenye sababu halali ya kielimu. Jaji Brennan alipinga vikali.

Massachusetts mwaka 1988, Iowa 1989 na Kansas 1992 zilitunga sheria za kuwarudishia wanafunzi uhuru huo. California ilikuwa nayo tangu 1977.