Ugomvi na IMF, na kizazi cha watafiti kilichofuata

Mwaka 2028 AERC, Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, utatimiza miaka 40 tangu uanzishwe Nairobi. Ndio uliowapa wahadhiri wa vyuo vyetu fedha za utafiti, ukawafikisha baadhi yao hadi Washington kukaa IMF kama watafiti wageni. Historia yake haieleweki bila kurudi kwanza Dar es Salaam, mwishoni mwa 1979.

Hazina ya Tanzania ilikuwa imekauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, bei nzuri ya kahawa ikapita, vita dhidi ya Idi Amin ikala fedha za kigeni, kisha mafuta yakapanda bei. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliona hakuna njia ila kuzungumza na IMF. Masharti yalikuwa mazito: kushusha thamani ya shilingi, kubana matumizi ya serikali, kulegeza udhibiti wa bei.

Katika kitabu chake cha kumbukumbu, From Goatherd to Governor, Mzee Mtei anasimulia jinsi wajumbe wa IMF walivyofikishwa kwa Mwalimu Nyerere. Mwalimu alikasirika, akakataa kata kata nchi yake iendeshwe kutoka Washington. Mtei aliona hawezi tena kuwa waziri wa sera asiyoiamini, akaandika barua ya kujiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na Amir Jamal. Siku ya mwaka mpya wa 1980, Mwalimu aliwauliza mabalozi waliokusanyika kumsalimia: ni lini IMF imegeuzwa kuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa? Swali hilo lilizunguka dunia nzima. Katikati ya mwaka huohuo Arusha ikapokea mkutano wa kudai mfumo mpya wa fedha duniani.

Ukisoma kurasa za Mtei unaona jambo ambalo wapenzi wa hotuba ile hulipita haraka. Mwalimu alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini waziri wake naye alikuwa na hesabu, na hesabu hazikusubiri. Makubaliano yaliyotiwa saini Septemba 1980 yalivunjika baada ya miezi michache. Wananchi wakapanga foleni za sukari na sabuni, na mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na IMF kwa masharti yaliyofanana sana na yale ya kwanza. Wakati huo Mtei alikuwa amekwishaingia IMF yenyewe, akiwa mmoja wa wakurugenzi wanaowakilisha nchi za Afrika.

Miaka saba ya mabishano iliacha swali: nani Afrika anafanya utafiti wa shilingi yake mwenyewe? Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na Ofisi ya Utafiti wa Uchumi tangu miaka ya 1960, iliyoongozwa mwanzoni na Mkanada, Gerry Helleiner. Mshahara wa mhadhiri, hata hivyo, ulikuwa umeliwa na mfumuko wa bei. Wakanada wa IDRC, shirika la nchi yao linalofadhili utafiti wa maendeleo, wakaanza kuwaunganisha wachumi wa mashariki na kusini mwa Afrika, na kutoka mtandao huo mdogo ikazaliwa AERC, 1988.

Utaratibu wake ulikuwa mkali. Mtafiti aliwasilisha andiko lake mbele ya wenzake na wataalamu waalikwa, mara mbili kwa mwaka, na fedha zilitolewa kwa awamu kadiri kazi ilivyoonekana. Asiyejua data zake aliumbuka hadharani. Watanzania watatu wameiongoza: Benno Ndulu, Delphin Rwegasira na William Lyakurwa. Ndulu alikwenda baadaye Benki ya Dunia, kisha akawa gavana wetu kuanzia 2008 hadi 2018. Njuguna Ndung'u, gavana wa Kenya kuanzia 2007 hadi 2015, naye aliiongoza baada ya kutoka Benki Kuu.

AERC ilianzisha pia shahada ya pamoja ya uzamili 1993, na ya uzamivu 2002, na Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vinavyozitoa.

Kinachoniuma ni nani analipa. Tangu mwanzo sehemu kubwa ya fedha imetoka kwa wafadhili wa nje, Benki ya Dunia ikiwemo. Benki kuu za Afrika zinachangia, lakini mchango huo haujatosha kuiondoa taasisi mikononi mwa wafadhili. Serikali za Afrika zimeahidi zaidi ya mara moja kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hata nusu. Benki kuu za ukanda huu zinaweza kulipia, kwa bajeti zao wenyewe, nafasi za utafiti za mwaka mzima kwa wahadhiri vijana wa Dar es Salaam, Makerere na Nairobi, na kuwafungulia takwimu ambazo leo mtafiti wetu huzipata kwa urahisi zaidi akiwa Washington. Hilo halihitaji ruhusa ya mfadhili yeyote, na liko ndani ya uwezo wa magavana waliopo sasa.