Mtambo wa barua pepe unapokawia kujibu

Tarakilishi inapobisha hodi kwenye mtambo wa barua pepe, mtambo huo aghalabu huiuliza seva ya majina, yaani DNS, jina la mwenye anwani hiyo ya IP. Seva hiyo isipojibu, mtambo husubiri kimya. Katika Linux, kwa kawaida hupita sekunde 5 kabla ya seva ya pili kuulizwa. Mtumaji asiye na subira hukata mawasiliano, barua ikabaki kwenye foleni. Wengi hukimbilia kununua mtambo mpya, gharama ya bure. Fungua kwanza faili ya /etc/resolv.conf, ujaribu kila seva iliyotajwa humo, na uiondoe isiyojibu. Zikijibu zote, tafuta jina la anwani inayocheleweshwa: utafutaji ukikwama, kumbukumbu zake zimekabidhiwa seva isiyopatikana.