Neno na Mahali: Baa Zilizotoweka za Berlin

Historia ya baa za wapenzi wa jinsia moja mjini Berlin haitengani na historia ya maneno. Istilahi ya Kijerumani Homosexualität ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1869, katika kijitabu ambamo Karl-Maria Kertbeny alipinga sheria ya Prussia iliyowaadhibu wanaume wa namna hiyo. Sheria haikufutwa, ilienezwa katika Dola nzima ya Ujerumani, ikajulikana kama kifungu cha 175.

Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, udhibiti wa magazeti ulilegea. Baa hizo zikajitangaza waziwazi katika majarida kama Die Freundschaft, lililoanza mwaka 1919, na Die Freundin, la wanawake, lililoanza mwaka 1924. Iliyovuma zaidi ni Eldorado ya mtaa wa Motzstraße. Ubao wake ulisema: “Hier ist's richtig”, yaani, “Hapa ndipo”.

Mwaka 1933 serikali ya Wanazi ilizifunga baa hizo na kuyapiga marufuku majarida yao. Picha ya mwaka huo yaonyesha bendera za Wanazi zikining'inia kwenye jengo la Eldorado, na maneno yale yale yangali juu. Kifungu cha 175 kilikazwa mwaka 1935, wala hakikufutwa kabisa hadi 1994.

Mtafiti amebakiwa na ushahidi wa aina mbili. Katika faili za polisi, wateja ni washtakiwa. Katika matangazo ya majarida, ni wageni waalikwa. Anayesoma faili peke yake huirudia hukumu akidhani anaandika historia.