Skimu haidumu juu ya rangi inayobanduka: Jinsi ya kuandaa ukuta mkongwe

WAHENGA walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za zamani ufa huzibwa kwa pupa, na miezi michache baadaye lipu mpya huanguka pamoja na rangi iliyokuwa chini yake. Mwenye nyumba humlaumu fundi, fundi naye huilaumu saruji, ilhali kosa lilitendeka kabla ya mwiko kuugusa ukuta.

Skimu ni lipu nyembamba ya kumalizia, yenye unene wa milimita 2 au 3 hivi, ambayo hupakwa juu ya lipu ya kawaida ili ukuta uwe laini na tayari kupokea rangi. Hutengenezwa kwa saruji nyeupe, jasi au chokaa, na unga wake huuzwa madukani ukiwa tayari kuchanganywa na maji. Katika nyumba mpya kazi hii haina matata, kwa kuwa lipu tupu hufyonza sehemu ya maji ya skimu na kuishika barabara.

Mambo ni tofauti katika nyumba iliyopakwa rangi mara nyingi kwa miaka mingi. Hapo skimu haishiki lipu, bali hushika rangi. Inapokauka, hujikaza na kuvuta kile ilichokishika. Ikiwa rangi hiyo imelegea, vyote viwili hubanduka kwa pamoja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya skimu katika nyumba kuukuu ni maandalizi.

Kuuchunguza ukuta

Hatua ya kwanza ni kuugongagonga ukuta mzima kwa vifundo vya vidole. Mahali ambapo lipu imeshikana na mawe pana mlio mzito. Mahali ambapo imeachana nayo husikika mlio kama wa mtungi mtupu. Sehemu hizo huzungushiwa alama, kisha hubomolewa kwa tindo na nyundo hadi kwenye kingo zilizo imara, na kuzibwa kwa lipu inayofanana na ile ya awali.

Hatua ya pili ni kutafuta unyevu. Kipande cha karatasi angavu ya plastiki hubandikwa ukutani kwa utepe pande zote nne na kuachwa kwa siku moja au mbili. Matone yakitokea upande unaoelekea ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Yakitokea upande wa chumba, tatizo ni hewa yenye mvuke isiyopata pa kutokea. Bomba linalovuja, mfereji wa paa uliopasuka au udongo uliorundikwa nje ya nyumba ni baadhi ya vyanzo vya kawaida. Chanzo hurekebishwa kwanza, na ukuta huachwa ukauke, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo, ni busara kuepuka kuanza kazi hii wakati wa mvua za masika za Machi hadi Mei au zile za vuli za Oktoba hadi Desemba.

Unga mweupe wa chumvi uliojitokeza ukutani husuguliwa kwa brashi kavu. Kuuosha kwa maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kuvu nayo huoshwa kwa dawa yenye klorini iliyozimuliwa kwa maji, madirisha yakiwa wazi, kisha ukuta huachwa ukauke.

Kuijua rangi iliyopo

Si kila rangi huandaliwa kwa njia moja. Kitambaa kilicholowa maji kikipitishwa ukutani na kutoka na unga mwingi, hiyo ni chokaa au rangi ya kale ya unga. Rangi ya aina hiyo haina budi kuondolewa yote, kwani hakuna kitakachoishika. Isipotoka kwa maji, pamba iliyochovywa kwenye spiriti husuguliwa juu yake. Rangi ya maji hulainika na kuchafua pamba, ilhali rangi ya mafuta haibadiliki.

Kisha hupimwa uimara wake. Kwa wembe au kisu kikali, mistari michache hukatwa wima na mingine hukatwa kwa mlalo ili ifanyike miraba midogo. Utepe wenye gundi hubandikwa juu ya miraba hiyo na kuvutwa kwa ghafla. Miraba ikitoka na utepe, rangi haiwezi kubeba skimu. Jaribio hili hurudiwa mahali kadhaa, hasa chini ya madirisha na karibu na sakafu.

Hatari ya madini ya risasi

Kabla ya msasa kushikwa, kuna swali ambalo halifai kupuuzwa: je, rangi hiyo ina madini ya risasi? Kwa miaka mingi madini hayo yalitiwa kwenye rangi, hasa zile za mafuta, ili kuzipa mng'ao, kuzifanya zikauke upesi na kuzidumisha. Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni moja za rangi, lakini kanuni hiyo haiiondoi rangi iliyokwisha kupakwa ukutani.

Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa hutambaa sakafuni na kutia mikono kinywani, na sumu hiyo hudhuru ubongo unaokua. Akina mama wajawazito nao huweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Wakenya wengi waliyafahamu madhara ya risasi kupitia kisa cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Huko chanzo kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, wala si rangi, lakini sumu ni ile ile.

Endapo nyumba ni ya zamani na rangi yake haijulikani asili, iliyo salama ni kuichukulia kuwa na risasi hadi ipimwe. Rangi hiyo haipigwi msasa ikiwa kavu, wala haichomwi kwa moto. Hunyunyiziwa maji na kukwanguliwa ikiwa bado imelowa. Watoto na wajawazito huondolewa nyumbani, vyombo hutolewa nje, na sakafu hutandikwa plastiki. Fundi huvaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, wala si kitambaa cha kawaida, na hunawa mikono kabla ya kula. Jioni, sakafu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiliwa, na nguo za kazi hufuliwa peke yake.

Kukwangua, kuosha na kuziba

Rangi yote iliyolegea huondolewa kwa kikwangulio hadi ile iliyoshika barabara. Hakuna haja ya kuibandua iliyo imara. Ukuta wenye mafuta ya jikoni au moshi huoshwa kwa maji ya sabuni, kisha husuuzwa kwa maji safi, kwani mabaki ya sabuni nayo huzuia skimu kushika. Rangi ya mafuta inayong'aa hukwaruzwa kwa msasa mzito unaotumiwa pamoja na maji, hadi mng'ao wake upotee.

Nyufa nyembamba hupanuliwa kidogo kwa ncha ya kikwangulio, husafishwa vumbi, hulowanishwa na kuzibwa. Ufa mpana hutiwa alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake. Ukiendelea kurefuka, tatizo huenda liko kwenye msingi au ukuta wenyewe, na skimu haitalitibu.

Mwishowe, maji hunyunyizwa ukutani. Yakitoweka mara moja, ukuta una kiu na utainyima skimu maji ya kukomaa, hivyo hupakwa rangi ya msingi ambayo mafundi huiita praima. Yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, ukuta ni laini mno na huhitaji praima yenye chembe za mchanga. Wapo wanaotumia gundi nyeupe iliyozimuliwa, lakini gundi hiyo hulainika ikipata unyevu, kwa hivyo haifai bafuni wala kwenye ukuta wenye maji.

Nyumba za mawe za Pwani

Nyumba kongwe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zinahitaji uangalifu wa pekee. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake hupumua: unyevu huingia na kutoka. Skimu ya saruji na rangi zisizopitisha hewa huufungia unyevu huo pamoja na chumvi ya bahari, na lipu ya asili huoza kwa ndani. Huko skimu ya chokaa ndiyo inayofaa. Isitoshe, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Turathi za Ulimwengu ya UNESCO tangu 2001, na anayekarabati jengo lililohifadhiwa kisheria hutakiwa kupata idhini kwanza.

Malipo na jaribio la mwisho

Mafundi wengi hulipwa kwa kila mita mraba ya skimu, mpango unaowafanya waharakishe maandalizi yasiyo na malipo. Ni afadhali mwenye nyumba akubaliane na fundi kuhusu ujira wa maandalizi peke yake, nao wa skimu peke yake. Kisha sehemu ndogo ya ukuta, kama ukubwa wa gazeti lililokunjuliwa, ipigwe skimu na kuachwa kwa wiki moja. Ikigongwa na kukwaruzwa bila kubanduka, kazi iendelee. Ikitoka, hasara itakuwa ya kilo moja au mbili za unga, wala si ya nyumba nzima.